Bega na Mizani

Kwa muda wa miezi saba niliishi na mkono wa kulia usiopanda, na waliojua walikuwa wawili tu, mimi na mke wangu. Yeye alijua kwa sababu ndiye aliyekuwa akinivisha kanzu. Huingiza kwanza mkono ulio mgonjwa, kisha kichwa, kisha ule mzima, kama avishwavyo mtoto anayepelekwa chuoni. Nami husimama kimya nikitazama ukuta, mwanamume wa miaka hamsini na sita mwenye diwani mbili na tafsiri kadhaa zilizochapishwa.

Bega lilianza kunisumbua mwishoni mwa kaskazi. Liliuma kidogo kidogo, kama jino lisilo na haraka, na ilipoingia kusi likawa limejifunga. Rafu ya juu, ambako ndiko ninakoiweka kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, ikawa mbali na mimi kama ng'ambo. Msikitini, wakati wa kuhirimia sala, mkono wa kushoto ulifika sikioni na wa kulia ukaishia kifuani, hata jirani yangu wa safu akaniuliza, kwa upole wa watu wa mtaani kwetu, kama nimebadili madhehebu.

Nilikwenda kwanza kwa mchuaji. Simsemi vibaya, kwani huyu mzee amewanyoosha wengi, na mimi mwenyewe aliwahi kuniondolea shingo iliyokaza. Lakini mara hii alivuta na kupindisha mpaka kitu kikalia ndani, akanipongeza kwa mlio ule, na sikulala siku tatu. Nikaenda pia kwenye kliniki moja ambayo sitaitaja, nikapewa vidonge vya maumivu na picha ya eksirei, na aliyenipa hakunyanyuka kitini wala hakuligusa bega. Alikuwa na foleni ndefu, nami nilikuwa na haya ya kumchelewesha. Ni mke wangu aliyesema basi. Akanitafutia miadi hospitalini, kitengo cha tiba ya viungo, ambacho wauguzi hukiita fizio kwa mkato.

Bango la mlangoni lilinichekesha, japo sikuwa na hali ya kucheka. Sisi watu wa visiwa vya karafuu tukisikia viungo pua hutangulia kabla ya mifupa, tukaona iliki, mdalasini na pilipili manga. Nikiwa nimeketi kwenye benchi nilijiuliza ni vipi neno moja limebeba chakula na mwili, nikakumbuka kwamba vyote viwili huunga. Mchuzi huungwa, na mkono huungwa na kiwiliwili. Hiyo ndiyo kazi ya mfasiri aliyejifunza mwenyewe bila ya skuli kubwa: akiogopa, hukimbilia kwenye maana za maneno. Nami niliogopa. Nilitarajia kitanda, mafuta, na kelele zangu.

Nilichokuta ni meza ndogo, viti viwili, kitanda kilichotandikwa shuka safi, na binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Alisimama.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu.”

Akaniuliza kwanza kama nina uzito kuhudumiwa na mwanamke, kwani mwenzake wa kiume yupo chumba cha pili na hapana ubaya wowote nikimtaka yeye. Nikajibu kwamba sina uzito. Akavuta pazia, akaacha mlango nusu wazi, akakaa. Kisha, badala ya kunishika bega, akafungua daftari. Kwa zaidi ya nusu saa hakunigusa kabisa.

Msomaji ambaye hajafika mahali kama hapo na ajue hivi: miadi ya mwanzo ni ya maneno zaidi kuliko mikono. Aliuliza lilianza lini, na kama nilianguka au niliinua kitu kizito. Aliuliza kazi yangu, mkono ninaoutumia, ubavu ninaoulalia. Aliuliza kama nimepungua uzito bila ya sababu, kama ninapata homa za usiku, kama nimewahi kuugua saratani, kama maumivu hunijia kifuani ninapopanda ngazi. Maswali haya ya mwisho aliyauliza kwa sauti ile ile ya mengine, na nilipojibu la, la, la, akaendelea. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba bega huweza kubeba ujumbe wa kiungo kingine, kama vile moyo, mapafu au shingo, na kwamba kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha kuwa ugonjwa huu ni wa chumba chake na si wa daktari mwengine. Kati ya maswali hayo lilikuwamo moja fupi: “Sukari je, baba?” Nikajibu la. Nitalirudia.

“Na maumivu yenyewe yakoje?”

Hapo nilidhani nimefika nyumbani. Kiswahili hakikuninyima. Kichwa huwanga, tumbo husokota, jipu hupwita, koo hukereketa, kidonda hufukuta, mguu hufa ganzi. Kila kiungo kina kitenzi chake na huwezi kukiazima ukampa mwengine. Nimepata kukaa juma zima nikitafuta kitenzi kimoja cha aina hiyo kwa ajili ya ukurasa wa hadithi ya Kiarabu. Basi nikafungua kinywa, na neno lililotoka likawa “linauma”.

Yule binti akasubiri. Akasema, bila ya kejeli, kwamba mabega yote yanayopita mlango ule yanauma. Je, linachoma? Linavuta? Linawaka hadi kwenye vidole? Kuna ganzi? Usiku na mchana ni sawasawa? Nilipojikusanya nikasema kwamba mchana linavuta, kama kamba iliyokatwa fupi, na usiku ni jino lililohamia begani. Akayaandika maneno hayo kama yalivyo. Nikafurahi kuliko inavyostahiki. Kumbe alikuwa na haja nayo, kwani moto unaoteremka na ganzi ya vidole vingempeleka kwenye mishipa ya fahamu ya shingo, na maumivu ya jino la usiku yalimpeleka mahali pengine.

Kisha akataka niyatie namba, kutoka sifuri hadi kumi. Sisi tuliolelewa na mizani, tunaohesabu nane na nane kwa vidole chini ya meza hata tukiwa kwenye maziko, tunajua kwamba hesabu husema kweli pale tu mwenye kuhesabu haibi. Nikasema tatu. Akaandika tatu.

“Unataka mkono huu uje ufanye nini?”

“Upone.”

“Kupona siwezi kukupimia, baba. Nitajie kazi.”

Nikasema kuandika. Nilisema kwa fahari kidogo. Nikamweleza habari za ushairi, na tafsiri iliyokwama tangu kusi, na kwamba mimi bado ni mtu wa kalamu na karatasi. Akanisikiliza vizuri. Kisha akanisogezea kalamu na kipande cha karatasi, akasema nimwandikie chochote. Nikaandika jina langu na tarehe, kiwiko kikiwa juu ya meza. Akauliza: linauma? Nikasita. Halikuuma. Mkono unaoandika mezani haulitaki bega lipande, na miezi saba ile bega langu halikuwa na kesi yoyote na ushairi. Nilikuwa siandiki kwa sababu nilikuwa silali, na kwa sababu nilikuwa na hofu, na nilikuwa nimempa mkono lawama zote.

Nikanyamaza kitambo. Halafu nikasema jambo ambalo sikulitayarisha: nataka kuvaa kanzu peke yangu. Na takbira. Akaandika yote mawili, moja chini ya jingine, mfano wa mishororo.

Hapo ndipo akaniomba nivue. Nilidhani uchunguzi unaanza sasa, kumbe ulikwisha kuanza nilipokuwa mlangoni. Alikuwa ameona kwamba nilivua kofia kwa mkono wa kushoto, kwamba nilikaa nikiwa nimeubana wa kulia ubavuni, na kwamba mabega yangu hayakuwa kwenye mstari mmoja. Nilipoanza kuhangaika na kanzu alinitazama usoni, si begani, na nilipomaliza alichukua kalamu akaongeza saba pembeni ya ile tatu. Hakusema kitu, na mimi sikuuliza. (Ushauri kwa atakayefuata: vaa fulana na shati la vifungo, wala usijitie heshima ya kanzu siku hiyo.)

“Nitakushika hapa na hapa. Naomba ruhusa yako, na ukisema basi, nitaacha.” Nimeguswa na madaktari wengi tangu utotoni, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuombwa ruhusa.

Aliniambia niinue mkono mwenyewe, mbele, ubavuni, nyuma ya mgongo, kama mtu anayefunga kikoi. Akapima kwa kidude cha plastiki chenye mikono miwili, mfano wa kipimapembe cha skuli kilichoungwa na rula. Mkono mzima hupanda mbele hadi karibu nyuzi 180. Wangu ulikoma kwenye 95. Kisha akafanya jambo ambalo mwanzoni sikulielewa. Akaniambia nilegee kabisa, nisimsaidie, akaunyanyua mkono yeye mwenyewe taratibu, na ukakwama pale pale. Akanibandika kiwiko ubavuni, akauzungusha mkono kuelekea nje, kama kufungua mlango. Ukakwama kwenye nyuzi 15, na mimi nikasema basi. Akaacha papo hapo, kama alivyoahidi.

Tofauti ya vipimo hivi viwili ndiyo siri yenyewe, na naiandika kwa wale ambao, kama mimi, wamekwisha kulipa vidonge vingi. Ikiwa mwenyewe hawezi kuinua lakini mwengine anaweza kumwinulia, shaka huenda kwenye misuli na kano zake, kwamba kitu kimechanika au kimechoka. Ikiwa hapandi kwa nguvu zake wala za mwenziwe, basi mlango wenyewe umefungwa. Kiungo cha bega kimezungukwa na mfuko wa ngozi laini wenye nafasi ya kutosha mkono kuzunguka kila upande. Mfuko huo ukivimba, ukawa mnene na kujikunja, nafasi hupungua. Mifupa haina kosa, na picha yangu ya eksirei, ambayo nilikuwa nimeishika mapajani muda wote kama hati ya shamba, aliitazama dakika moja akanirudishia: safi. Ugonjwa huu hauonekani humo.

Jina lake alinipa kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili cha hospitali: bega lililoganda. Nilipofika nyumbani niliusaka usuli wake, na nikapata kwamba Mmarekani mmoja wa Boston, daktari Ernest Codman, ndiye aliyeliita hivyo kwenye kitabu chake cha mwaka 1934, na kwamba yeye mwenyewe aliungama kuwa ni ugonjwa mgumu kuufasili, kuutibu na kuueleza. Neno hilo la kuganda sikulipenda. Ni la watu wa theluji. Nililizungukia saa nzima nikitafuta lenye asili ya kwetu, mpaka mke wangu, aliyekuwa akichambua mchicha, akasema: “Kwani mafuta ya nazi hayagandi kipupwe? Mtu haivunji chupa, huiweka juani.” Nikaifunga kamusi.

Lakini nimelikimbia lile nililoahidi kulirudia, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Alipokwisha kupima alikaa tena mbele yangu, akaweka daftari chini. Akaeleza kwamba bega hili huwapata zaidi watu wa umri baina ya miaka arobaini na sitini, mara nyingi bila ya sababu ya kuonekana, na kwamba kuna kundi moja ambalo huwapata mno kuliko wengine, nao ni wenye kisukari; na kwao hukawia zaidi kufunguka. Akanyamaza. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichookota njiani kwa mwenyewe:

“Baba, nauliza tena. Sukari je?”

Miaka mitatu kabla ya siku hiyo nilipimwa nikaambiwa sukari imepanda. Nilipewa metformini, nikazitumia hadi nilipojiona mzima, nikaziacha. Sikumwambia mtu. Babangu alikatwa mguu kwa maradhi hayo, kwanza vidole, kisha chini ya goti. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba hadi msalani, na nilipoambiwa neno lile nililiweka mahali nisipoweza kulifikia, juu kuliko rafu ya Johnson. Nilikuwa nimemficha mke wangu anayenipikia. Nilikuwa nimejificha mwenyewe. Na sasa mwili wangu ulikuwa umekwenda kwa mgeni ukasema.

Nikasema: “Ninayo.” Sauti yangu ilikuwa ndogo.

Nilingojea kukaripiwa. Alichofanya ni kuuliza jina la dawa, lini niliiacha, na kwa nini. Akaandika barua fupi ya kupimwa damu na kumwona daktari wiki ile ile. Akasema mazoezi tutaanza leo, hayatangojea, lakini mambo haya mawili ni njia moja. Halafu akaniuliza, ikiwa nataka, nani anayejua nyumbani. Nikasema hakuna. Akaitikia kwa kichwa, akasimama kuniletea maji.

Mazoezi yenyewe hayakuwa na fahari yoyote. La kwanza ni kuinama, mkono wa kushoto ukiegemea meza, na kuuachia wa kulia uning'inie kama timazi ya fundi muashi, kisha kuubembeza kwa uzito wa mwili, mbele na nyuma, bila ya kuutumia nguvu. La pili ni kupandisha vidole ukutani kama mjusi, hadi pale linapovuta, na kuteremka. La tatu ni kulala chali na bakora, mkono mzima ukiusukuma mgonjwa kuelekea nje. Mara tatu kwa siku, mara kumi kila zoezi. Maumivu yakipanda kidogo na kutulia muda mfupi baadaye, si neno. Yakibaki hadi usiku, nimezidisha, nipunguze. Kuvuta kwa nguvu wakati huu wa maumivu huliudhi zaidi, akasema, na hapo nilimtaja mchuaji wangu. Hakumcheka. Aliuliza tu alishika wapi.

Nilimuuliza litachukua muda gani. Mwaka, akasema, pengine miwili, wapo wa mitatu. Wengi hufunguka, na baadhi hubaki na upungufu kidogo. Nilithamini kwamba hakunipunguzia bei. Akaniuliza pia navaaje sasa. Nilipomweleza utaratibu wa mke wangu, mgonjwa kwanza na mzima mwisho, akatabasamu: ndivyo wanavyofundishwa wao chuoni, kuvaa huanza na mkono ulio mbovu na kuvua huanza na ulio mzima. Nani alimfundisha? Hakufundishwa na mtu, nikasema. Alitazama.

Neno zoezi, kwa bahati, ni mtoto wa kuzoea. Sijui kwa nini nilipata kuliandika mara nyingi pasi na kuliona. Jioni ile niliinama kwenye meza yangu ya kuandikia, mkono ukining'inia juu ya karatasi za tafsiri, na kwa kuwa kuhesabu moja hadi kumi kuliniudhi, nikahesabu kwa njia niijuayo, kipande kimoja kwenda na kipande kimoja kurudi:

Bega langu limegoma, halipandi halishuki,
Likivutwa linauma, likiachwa halitaki.

Si shairi la kuwekwa kwenye diwani. Ila lilikuwa la kwanza tangu kusi, na lina vina.

Mke wangu aliingia na chai. Nilikuwa bado nimeinama, uso wangu ukitazama sakafu, na pengine ndiyo sababu niliweza. Nikamwambia habari ya sukari, na miaka mitatu, na vidonge. Aliiweka sinia chini. Nilizisikia bangili zake, kisha sikusikia kitu kwa muda mrefu, na mkono ukawa unabembea wenyewe. Akauliza jambo moja tu: “Na huyo binti ulimwambia kabla yangu?” Nikasema naam. Akatoka. Asubuhi chai ililetwa na mtoto, na haikuwa na sukari. Siku mbili alinivisha kanzu bila ya kusema neno, mkono mgonjwa kwanza, kisha kichwa, kisha ule mzima.

Tangu hapo nimerudi mara nne. Mbele nimefika nyuzi 120, na nje 30. Takbira inafika kwenye shavu. Damu yangu nimepima, na namba yake sikuipunguza nilipomsomea mke wangu. Kanzu bado. Miadi ijayo ni Alkhamisi, saa tatu asubuhi, na nimeambiwa nije na bakora yangu, kadi ya sukari, na yeye pia akipenda. Amesema atakuja, ana maswali yake.